Kwa Nini Sikukuchagua Raundi ya Kwanza

Minza mwanangu,

Marahaba. Ulinisalimu kwa ujumbe wa simu siku kumi na tatu zilizopita, maneno mawili tu, "Shikamoo baba", nami sikujibu. Simu ilikuwa na chaji na mtandao ulikuwepo, kwa hiyo sitasingizia kitu. Nilikosa la kusema. Sasa nimelipata, lakini ni refu, haliingii kwenye simu. Nimechana karatasi za katikati ya daftari la mwenzangu Jumanne, nimekaa hapa nje ya stoo juu ya ndoo iliyopinduliwa, na ninaandika haraka kabla baba yako mdogo Masanja hajaondoka. Basi lake linatoka Buseresere saa tisa. Anakwenda kwao kumwona mtoto wake aliyezaliwa wiki iliyopita, na ameniahidi kwamba kesho asubuhi atakuwepo stendi ya Shinyanga kabla basi lako la Dar halijaondoka, akupe bahasha hii mkononi. Amenyoa ndevu, amevaa shati jeupe, anazunguka hapa kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Baba Minza, hiyo ni barua au Agano Jipya?"

"Kaa chini."

"Nikikaa shati litashika vumbi."

"Basi simama."

Mambo ya safari sikuandikii. Mama yako amekwisha kukuambia usimpe mtu usiyemjua begi lako, na sabuni uifunge kwenye mfuko isiharibu michembe yako ya viazi. Najua ameyasema mara tatu, kwa sababu na mimi aliniambia hivyo hivyo nilipoondoka nyumbani Samuye kuja huku machimboni, na michembe ilinuka sabuni vilevile. Mimi nataka kujibu lile swali lako. Uliuliza, "Baba, ni kweli hukunichagua?" Nikakujibu, "Tutaongea." Halafu hatukuongea.

Nianzie mwanzo, maana hii ligi yetu hujawahi kuisikia vizuri. Kila nikipiga simu tunaongea habari za mvua na za bibi yako.

Unakumbuka Mwalimu Bundala alipoanzisha mchezo wenu hapo shuleni, akaniingiza kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kila Jumamosi jioni alikuwa anatuma sauti, anaeleza mechi za shule zenu nane, nani amerusha, nani amepiga, nani ameanguka. Mimi nilikuwa nasikiliza peke yangu. Siku moja Jumanne, yule jamaa wa Tabora anayelala kitanda cha pili, akasema, "Hebu weka kwa sauti kubwa, sisi tusio na watoto tufanyeje?" Tukasikiliza watano. Hakuna aliyeelewa. Mwalimu anaita softiboli, sisi tukaita besiboli, na mpaka leo kambi nzima inaita hivyo. Lakini Minza, tuliupenda haraka sana. Mpira wa miguu hapa kila mtu ni kocha, ukifungua mdomo unakatwa. Huu wenu hakuna aliyekuwa anaujua. Mjinga na mjinga wanabishana kwa haki.

Jumanne ndiye aliyeleta habari ya ligi. Vijana wa Katoro wanacheza ile ya kwenye simu, unachagua wachezaji wa Ulaya, wao wakicheza kweli wewe unapata pointi. Akasema na sisi tufanye hivyo, ila kwa warushaji wa shule zenu. Mlango wa stoo ukawa ubao, chaki tukaomba kwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapa. Kila mtu ana warushaji watatu. Mpigaji akikosa mara tatu akatoka, pointi mbili. Mrushaji akirusha nje mara nne, mpigaji akaenda besi ya kwanza bure bila jasho, unakatwa pointi moja. Mbio ikiingia, yaani mpigaji akizunguka besi zote akarudi alipoanzia, unakatwa moja. Jumamosi jioni tunajumlisha. Atakayekuwa wa mwisho anabeba maji ya kambi wiki nzima, kutoka kisimani mpaka hapa, madumu mawili kwenye mti wa mzega begani, kila asubuhi kabla watu hawajashuka duarani kuchimba. Na anayemaliza msimu akiwa wa mwisho kabisa, msimu unaofuata anachagua wa kwanza. Masanja anasema hiyo ni huruma kwa vilema.

Msimu uliopita kilema nilikuwa mimi.

Nikueleze nilivyopata aibu hiyo. Jumamosi ya pili ya ligi, Mwalimu Bundala alitutumia sauti kuhusu binti wa Kahama, wa shule iliyo upande wa Buzwagi, anaitwa Rehema. Alikuwa amewatoa wapigaji kumi na mmoja siku moja. Kumi na mmoja! Nilisimama na sahani ya ugali mkononi. Nikamwachia Masanja warushaji wangu wawili ili anipe Rehema, kwa sababu alikuwa amemwandika kwanza. Masanja akanitazama akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, ndugu yangu," na akaandika kabla sijabadili mawazo.

Jumamosi iliyofuata Rehema akatoa wanne. Iliyofuata, wawili, na watu wakapewa besi za bure kama pipi za sikukuu. Ya tatu, vibaya zaidi. Nilibeba maji wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne nikamfuta mlangoni kwa kiganja, na nilisema maneno, Minza. Nilimwita mtoto wa mwenzangu mzigo. Nikasema kumbe ilikuwa bahati ya siku moja. Sijawahi kumwona huyo msichana, sijui ni mrefu au mfupi, na nilikuwa nimemkasirikia kuanzia Jumamosi mpaka Ijumaa.

Masanja akamwokota. Rehema akamaliza msimu akiwa na pointi nyingi kuliko wote mlangoni.

Nilimuuliza Masanja, "Ulijuaje?"

Akasema, "Nilimpigia mwalimu wako nikauliza. Wewe ulikuwa unapiga kelele na mlango."

Kumbe mdakaji wa Rehema, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mpira, alikuwa amelazwa na malaria. Wakamweka mwingine anayeogopa mpira. Rehema akawa anarusha polepole ili asimuumize mwenzake. Mkono wake haukuwa na tatizo lolote. Mdakaji akapona, kumi na mmoja wakarudi. Jambo hilo lilikuwa swali moja la simu, nami sikuliuliza.

Usifikiri nilikuwa mgeni wa kosa hilo. Ndilo kosa la maisha yangu, na ninyi mlilipia.

Ulikuwa darasa la tatu. Tulikuwa na maksai wawili, Sukari na Kijivu, unawakumbuka, Sukari alikuwa anakulamba kichwa. Mtu mmoja alikuja Samuye na jiwe kwenye mfuko wa rambo. Akalisaga mbele yangu, akaliosha kwenye karai la maji, akainamisha, na pale chini ukabaki mkia wa dhahabu, mwembamba kama ukucha wako. Nilihisi moto kifuani. Akasema duara lake, shimo lake la kuchimbia, limefika kwenye mwamba huo, anatafuta mtu wa kuingia naye. Mtu yeyote aliyekaa machimboni mwezi mmoja anajua cha kufanya. Unamwambia sawa, twende, na unachukua jiwe lako mwenyewe. Unachukua moja mdomoni mwa shimo, moja katikati, moja chini, moja pale anapokwambia hapana kitu. Unayaosha yote. Jiwe ulilochaguliwa na mwenye duara linakuonyesha anachotaka uone. Mimi nilikuwa mkulima, sikujua. Lakini nisijitetee kwa hilo, maana mama yako naye alikuwa mkulima, na aliniuliza jioni ileile, "Ameleta jiwe moja tu?" Nikamwambia wanawake hawajui mambo ya mwamba.

Sukari na Kijivu wakauzwa. Tulichimba miezi saba, tukatoa kifusi. Msimu ule mama yako alilima kwa jembe la mkono, mpunga mkauchelewesha, na ndege wakaja wakati wa wenzenu umekwisha vunwa. Wote wakatua kwenu. Ndiyo maana wewe, mtoto wa miaka tisa, ukakaa majarubani kuamia ndege kuanzia alfajiri, na shule ukawa unakwenda siku mbili kwa wiki.

Nilirudi nyumbani mara moja tu msimu ule. Nilikuja kukuletea uji kule jarubani. Ulikuwa umesimama tutani na kombeo la kamba, umefinyanga madongo ukayapanga mstari kama mayai. Ukasema, "Baba, tazama." Ukazungusha mkono, mara moja tu, chini kwa chini, dongo likatoka, likapiga ile nguzo iliyokuwa na kopo la bati upande wa pili wa jaruba la mzee Shija. Kopo likalia. Ukachukua jingine, likalia tena. Ukachukua la tatu ukanitazama mimi badala ya kopo, na likalia.

Unakumbuka nilisema nini? Nilisema, "Na ndege je, watapigwa na nani?"

Nilikuwa mtu mwenye aibu, Minza, na mtu mwenye aibu haoni mbali. Niliona mpunga wangu na kosa langu. Mtoto aliyepiga kopo mara tatu bila kulitazama sikumwona. Miaka saba baadaye Mwalimu Bundala alikuona mara moja ukirusha gunzi la muhindi kwenye pipa, akakuita. Yeye si ndugu yetu, ametoka Maswa juzi.

Usije ukaniambia kwamba basi ilikuwa heri, kwamba bila ndege mkono usingepatikana. Watu watakwambia hivyo, labda hata kwenye redio siku moja. Haikuwa heri. Ulikosa shule na mama yako alipasuka mikono. Mkono ulikuwa wako kabla ya ndege.

Masanja amekuja kusoma begani kwangu. Anasema niandike kwamba yeye ana mtoto wa kiume wa kilo tatu na nusu. Nimeandika.

Sasa tufike siku ya kuchagua.

Tulipopata habari kwamba umepata nafasi kwenye ile shule ya Pwani, na kwamba mtacheza na shule za mikoa mingine, ile ya Kahama ikiwemo, kambi iliamua tuhamishe ligi. Mwalimu Bundala atakuwa anapata matokeo kwa mwalimu wenu mpya na kuturushia. Shule ni nyingi, warushaji ni wengi, na mimi kilema ndiye wa kwanza kuchagua. Wote walijua nitasema nini. Jumanne alikuwa ameshaandika "MI" mlangoni kwa chaki.

Ijumaa kabla ya siku hiyo nilifanya kile ambacho sikufanya kwa Rehema wala kwa lile jiwe. Nilimpigia Mwalimu Bundala nikachukua mawe yangu mwenyewe. Nakuambia ukweli, hesabu zako za msimu uliopita zilikuwa mbaya. Mbio nyingi ziliingia ukiwa unarusha. Mtu akitazama mlango wa stoo tu, anakupita. Nami nilisita, sitakudanganya. Nikamuuliza mwalimu, "Hizo mbio ni zake?"

Akacheka. "Baba Minza, uwanja wetu unaujua. Pale kati ya besi ya pili na ya tatu ndipo ng'ombe wanapopita kwenda lambo. Mpira ukigusa mashimo ya kwato zile unaruka kama chura. Mabinti wanajitahidi, lakini haudakiki. Minza anarusha vizuri, mpigaji anagonga kidogo tu, mpira unaingia kwenye shimo, mbio inahesabiwa kwake."

"Na zile besi za bure?"

"Mwanzo alikuwa anatoa sita, saba kwa mechi. Mechi tano za mwisho, sikumbuki kama alifika tatu."

Hilo niliandika kiganjani. Mbio zinategemea wenzako, na shimo, na bahati. Lakini kurusha mpira upite pale unapotaka, hiyo ni yako peke yako, na mtu ambaye anapunguza makosa yake mwenyewe wakati hesabu bado zinamtukana, huyo anakuja juu. Nimeona vijana wa hivyo duarani. Wiki za kwanza anapiga nyundo nyingi na mwamba unamcheka. Siku moja unamsikia anapiga chache, na mwamba unapasuka. Aliyeko nje bado anasema kijana yule hafai, kwa sababu hajaona mfuko umejaa.

Nikauliza la mwisho, "Akipigwa vibaya, mpira ukaenda mpaka kwenye uzio wa katani, anafanyaje?"

Akasema, "Ananyoosha mkono anaomba mpira mwingine. Hatazami ule uliokwenda. Na siku hizi ana mpira wa polepole, mzee. Mkono unazunguka kwa nguvu ileile lakini mpira unachelewa njiani, mpigaji anamaliza kupiga kabla haujafika. Sikumfundisha mimi. Nilimuuliza ameutoa wapi, akasema kwenye madongo mabichi."

Kwa hiyo nilijua, mwanangu. Siku ile ya kuchagua, katika watu watano waliokaa mbele ya mlango huu, hakuna aliyejua kama mimi kwamba msimu huu ni wako. Sijasoma, nimeishia la saba, lakini jiwe nikiliosha vizuri naona mkia wake.

Jumanne akasema, "Haya, kilema. Tusipoteze muda, nimalizie 'NZA'?"

Nikasema, "Futa. Mimi namchukua Rehema."

Masanja akapiga makofi, akaruka, akasema, "Raundi ya kwanza, wa pili kuchagua, Minza wa Samuye! Jumanne, malizia jina!" Na hapo ndipo simu yako ikaingia, na Jumanne kwa utani wake akaichukua, akaweka sauti kubwa. "Minza, habari ndiyo hii, baba yako kakuruka! Kachukua binti wa Kahama!" Wote wakacheka. Ukauliza lile swali. Mimi nikasema tutaongea, nikakata, nikaenda nyuma ya karasha la kusagia mawe nikajifanya naangalia mkanda wa mashine.

Masanja alinifuata. Akasema, "Sasa wewe umefanya nini?"

Nikasema, "Nimechagua."

"Ungeniambia. Ningekuachia."

"Ningetaka ningemchukua."

"Basi mwambie kwa nini, Baba Minza. Mtoto hawezi kusoma kifua chako."

Ndiyo namwambia sasa.

Mtu aliye mlangoni kwangu anafutwa. Hiyo ndiyo sheria ya mchezo na ndiyo sheria yangu mbaya zaidi. Jumamosi tatu mbaya na kiganja kinapita juu ya jina. Nilimfanyia Rehema, na nilimchukua tena sasa kwa sababu nina deni naye la heshima, hata kama hajui. Lakini nilijiuliza, jina lako likiwa pale, Jumamosi ukirusha vibaya nami nikaamka na mzega begani, nitakuwa nani asubuhi hiyo? Najijua. Nitakuwa yule mtu wa jarubani. Nitapiga simu na la kwanza litakuwa, "Na ndege je?" Utasikia kwenye sauti hata nikisema habari za mvua. Huko uendako kila mtu atakupima, mwalimu, wapigaji, mabinti wanaotaka nafasi yako, na kambi nzima ya wachimbaji wasiokujua. Ni halali yao. Nikaona abaki mtu mmoja asiyekuandika popote.

Pengine nilikosea namna ya kulifanya. Ningekuambia kabla. Hilo ni langu, nisamehe.

Na jambo moja nakuomba, siyo agizo. Unajua mkono wangu wa kulia haupandi juu ya sikio. Kila mtu nyumbani anajua ni kwa sababu ya nyundo. Ninyi hamjui kwamba ulianza kuuma miezi mitano kabla haujakwama. Ulikuwa unavuta tu, kama uzi, jioni. Nilificha. Kwenye zamu anayesema anaumwa nafasi yake inachukuliwa na mwingine, na mwingine yupo hapo mlangoni amekwisha vua shati. Nikawa nafunga kitambaa ndani ya koti ili wasione. Masanja aliona, nikamwambia ni baridi. Baridi, Geita, mchana! Siku ulipokwama, daktari aliushika akauliza umeanza lini. Nilipomwambia, aliandika tu, hakuninyanyulia macho. Mkono wako bado unakua. Ukianza kuvuta kama uzi, mwambie mwalimu siku hiyohiyo. Watamweka mwingine. Atarusha vizuri, na utakaa benchi ukimtazama, na itauma kuliko bega. Kaa tu. Warushaji wengi wanaopotea hawapotei kwa kukosa kipaji. Wanafungia kitambaa ndani ya koti.

Masanja sasa amechukua begi lake. Anasema pikipiki imefika.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia kwamba mimi nilikuwa nimchukue wa kwanza hata kama ningepewa zamu ya kwanza?"

"Hilo utamwambia mwenyewe stendi."

"Nitamwambia. Na nitamwambia aache kutoa besi za bure, mimi sibebi maji nina mtoto mchanga."

Ukimwona mpe shikamoo yake vizuri, atajidai lakini usimsikilize habari ya pointi. Yeye ni mtu mwema kuliko makelele yake. Usiku ule niliporudi kutoka karasha nilikuta amefuta jina lako kwa upole akaliandika upya kwa herufi kubwa, kwa sababu Jumanne alikuwa ameliandika limepinda.

Ligi yenu inaanza Jumamosi ijayo. Kwa jinsi nilivyoliosha lile jiwe, Masanja atakuwa juu na mimi nitakuwa chini, maana Rehema peke yake hawezi kuwabeba wale wengine wangu wawili, na maji nitabeba mimi kwa bega la kushoto ambalo bado ni zima. Kwa hiyo tukubaliane hivi. Mtandao wa huku unakatika, na wewe utakuwa na masomo, huna haja ya kunitumia matokeo. Jumapili asubuhi nikiamka wenzangu wakanisukumia mzega, nitajua mwanangu alirusha vizuri jana, na njia ya kisimani nitakwenda nayo taratibu.

Na Jumapili nitakayoamka mabega yangu ni mepesi, nimekaa na chai na Masanja ndiye anayekwenda kisimani akitukana, hiyo Jumapili nitakupigia. Pokea. Sitakuuliza habari ya mpira.

Baba yako,
Baba Minza